Chai ya kupunguza unene ipimwe kabla ya kuuzwa Isiolo

Sibutramini ilianza kutafitiwa kama dawa ya sonona, ikaishia kuuzwa kama dawa ya kupunguza unene. Ulaya na Marekani ziliiondoa sokoni mwaka 2010, baada ya utafiti wa wagonjwa wapatao 10,000: asilimia 11.4 ya walioitumia walipatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi au mkasa wa aina hiyo, dhidi ya 10 kwa waliopewa kidonge kitupu. Hata hivyo, imezidi kunaswa katika chai na vidonge vya “mitishamba” duniani, bila kutajwa kwenye pakiti.

Wapo watakaosema tofauti hiyo ni ndogo, tena wagonjwa wale tayari walikuwa na maradhi ya moyo au kisukari. Ni kweli, lakini walifuatiliwa na madaktari. Anayenunua pakiti dukani Isiolo hapimwi hata presha. Bodi ya Dawa na Sumu ishirikiane na kaunti kuzipima bidhaa hizi.