Mwacheni Kijana Ajaribu

Wazazi wengi, wamwonapo kijana ameketi na kipande cha sola na redio mbovu, humkemea, "Acha mchezo, shika jembe!" Sisi twasema, mchezo huo ni shule. Seli moja ya sola hutoa kama nusu ya volti tu. Redio ya betri 2 yataka volti 3. Basi kijana aungaye seli 6 kwa mfuatano, redio ikasema, amefanya hesabu kwa mikono yake. Akizitia kivulini redio hunyamaza, naye ajua sababu.

Tukumbuke karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao mkubwa, ukafika hata Nachingwea. Hawakujaribu kwanza kwa udogo, na mwaka 1951 ukaachwa. Ajaribuye kwa kidogo hupata hasara ndogo na maarifa makubwa.

Leo taa ya sola ikizimika twaitupa, kumbe pengine waya tu umekatika. Nani atauona, ikiwa tumemfukuza mwenye kuutafuta? Betri za simu tumkataze kuzichezea peke yake, maana zaweza kuwaka moto. Mengine, enyi wazazi, mwacheni ajaribu.