Toeni parebufu mjini: chuma cha mbele kinaua watu wa mguu Lubumbashi

Asubuhi za masomo, kwenye barabara ya Kasenga kuelekea Ruashi, watoto wenye nguo za bluu na nyeupe wanasimama kando ya lami wakingojea nafasi ya kuvuka. Zinapita taksi ndogo, zinapita Hiace zilizojaa, wanapita watu wa moto na abiria wawili mgongoni. Halafu inakuja jeep. Mtoto wa miaka minane akisimama mbele ya jeep ya namna hiyo, kichwa chake kiko sawa na kapo. Na mbele ya kapo hiyo, mara nyingi, kuna mabomba ya chuma yaliyosuderewa, manene kama mkono wa mtu mzima, yamepakwa rangi nyeusi au yanang'aa kama sahani ya harusi.

Chuma hicho jina lake ni parebufu. Kwa Kifaransa maana yake ni kitu cha kuzuia nyati. Sasa mwenye akili ajiulize: ni nyati gani anayevuka avenyu Lumumba? Ni nyati gani yuko soko ya Kenya, au mbele ya hospitali Sendwe? Wanaovuka pale ni wamama wenye beseni kichwani, wanafunzi, wazee waliotoka kupima damu. Chuma kilichotengenezwa kwa ajili ya mnyama wa porini kinatembezwa katikati ya watu, na mji mzima umezoea kukiona kama urembo.

Parebufu itolewe kwenye kila motokari inayozunguka ndani ya Lubumbashi, na itolewe kwa amri. Kumwomba mtu kwa upole hakutoshi. Wenye jeep watakasirika, na hasira yao itajibiwa hapa chini. Kwanza ieleweke chuma hicho kinafanya nini kwa mwili wa mtu.

Motokari ndogo ikimgonga mtu aliyesimama, mambo yanafuatana kwa haraka isiyofika hata sekunde moja. Pareshoki inapiga mguu, chini ya goti au kwenye goti lenyewe. Ukingo wa kapo unapiga paja au kiuno. Mwili unapinduka, unalala juu ya kapo, na kichwa kinafika mwisho, juu ya kapo au kwenye kioo. Mguu uliovunjika unaungwa. Ni kichwa ndicho kinachoamua kama familia itaenda hospitali au itaenda makaburini.

Watu wengi wanafikiri kapo ni kifuniko tu cha kuzuia mvua isiingie kwenye injini. Si hivyo tena, tangu miaka mingi. Bati lenyewe la kapo ni jembamba na linabonyea. Kinachoua kiko chini yake: kichwa cha injini, batri, minara ya amotiseri, bawaba za kapo, vyuma vya waipa. Kichwa kinabonyeza bati, bati linafika kwenye chuma kigumu, na pale ndipo fuvu linapasuka. Kwa hiyo mainjinia wanaacha nafasi tupu kati ya kapo na injini. Wanachora mbavu za ndani za kapo ili zikunjike kila mahali kwa kiasi kimoja. Wanatengeneza bawaba zinazokubali kushuka, na nyuma ya pareshoki ya plastiki wanaweka povu la kupokea mguu.

Sentimita chache zinaleta tofauti gani? Mwanafunzi wa humanite anaweza kuifanya hesabu hii kwenye daftari lake la fizike. Kichwa kinachofika kwenye kapo kwa kilomita 35 kwa saa, kikipewa sentimita 8 za kusimama polepole, kinapata nguvu ya wastani ya mara 60 hivi ya uzito wake. Kikipewa sentimita 2 tu, nguvu hiyo inapanda hadi mara 240. Mwendo ni ule ule na mtu ni yule yule. Sentimita 6 za hewa chini ya bati ndizo zinazotenganisha maumivu ya kichwa na jeneza.

Haya si mambo ya kukisia. Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima motokari kwa kuzigongesha, lilianza mwaka 1997, na tangu mwanzo lilipima pia yanayompata mtu wa mguu. Japani iliandika sheria yake ya kulinda kichwa mwaka 2004, ikaanza kushika aina mpya za motokari mwaka 2005. Mwaka 2008, huko Geneva, Umoja wa Mataifa ulikubali kanuni moja ya dunia kwa jambo hilo. Maabara wanarusha kichwa cha bandia juu ya kapo kwa kilomita 35 kwa saa: kile cha mtoto kina kilo 3.5, kile cha mtu mzima kilo 4.5. Ndani yake kuna vyombo vya kupima mshtuko, na mshtuko ukipita kipimo, motokari hairuhusiwi kuuzwa. Mwaka 2005 Citroën C6 ilikuwa ya kwanza kupata nyota nne za Euro NCAP kwa kulinda watu wa mguu. Kapo yake inajiinua yenyewe pale inapohisi imegonga mguu wa mtu, ili kichwa kipate nafasi.

Sasa turudi Kasumbalesa. Motokari nyingi ndogo zinazoingia mjini zinatoka Japani, okazyo, usukani wake kulia katika nchi inayotembea kulia (hayo ni makosa mengine, yanastahili siku yake). Zinashuka Dar es Salaam, zinavuka Zambia, zinafika mpakani na vumbi la nchi tatu. Nyingi zilitengenezwa baada ya sheria ile ya 2005. Maana yake, mtu wa Katuba ambaye hatanunua motokari maisha yake yote ameletewa kitu ambacho mainjinia wa Nagoya walikitengeneza kwa ajili yake yeye anayetembea: kapo laini, povu, nafasi. Hakukilipia hata franka moja.

Na mji unafanya nini na zawadi hiyo? Unaipeleka garaji.

Kule garaji pareshoki ya plastiki iliyopasuka inatupwa, na mahali pake linasuderewa bomba la chuma. Povu la nyuma linatupwa pia, maana hakuna anayejua kazi yake. Kapo iliyokunjika inanyooshwa kwa nyundo, inajazwa mastiki, inapakwa rangi. Bawaba iliyopinda inasuderewa ikae imara daima, wakati uzuri wake ulikuwa ni kupinda. Batri ya asili ikifa, inawekwa kubwa zaidi, ndefu zaidi, inayokaribia kugusa bati. Mafundi hao si wabaya. Ni watu wa artikle 15, wanajitafutia chakula cha watoto, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kile wanachokikaza kiliachwa kilegee kwa makusudi.

Kwa jeep mambo ni mabaya zaidi, hata kabla ya kuongeza chuma. Kapo yake iko juu. Mtu mzima anapigwa kwenye kiuno na tumbo, mtoto anapigwa kifuani na usoni, na mwili haupinduki juu: unasukumwa mbele na chini, kwenye lami, matairi yakifuata. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayoitwa IIHS ilichunguza karibu ajali 18,000 za watu wa mguu. Iliona kwamba motokari zenye kapo ya zaidi ya sentimita 102 kutoka chini zinaelekea kuua mtu waliyemgonga kwa asilimia 45 zaidi kuliko zile zenye kapo ya sentimita 76 au chini na yenye mteremko. Hiyo ni jeep bila parebufu. Ongeza mabomba ambayo hayabonyei hata milimita moja, yaliyo kwenye urefu wa uso wa mtoto, halafu mtu aje aseme ni urembo.

Wenye jeep wana majibu yao, na yanajulikana. La kwanza: parebufu inalinda motokari, maana taksi zinagonga ovyo na taa mpya ni bei kali. Hilo ni kweli. Lakini anayelitoa anasema wazi kwamba taa yake ina thamani kuliko goti la mtu mwingine, na angalau akubali kwamba ndicho alichosema. Tena halindi kila kitu. Chuma kigumu kilichofungwa kwenye shasi kinapeleka mshtuko moja kwa moja ndani, na kinaweza kuvuruga saa ya mfuko wa hewa kufunguka. Siku atakapogonga ukuta, atalijua hilo kwa kifua chake.

La pili linatoka kwa watu wa migodi: jeep zao zinaenda Likasi, Kolwezi, Fungurume, Sakania, barabara za pori, usiku, wanyama. Sawa. Hapa kuna neno la haki. Basi parebufu ifungwe kwa bulonu, itolewe jeep inapoingia mjini, au jeep hizo zibaki kwenye kazi zao. Lakini kila mkazi wa Lubumbashi anajua kwamba jeep nyingi zenye chuma hazijawahi kuona shimo la mgodi. Zinaenda kanisani, zinaenda Golf, zinaenda kumchukua mtoto masomoni. Mtoto wa bosi anashuka salama, watoto wengine wanapita mbele ya mabomba.

La tatu ndilo linalosemwa sana, na ndilo lenye uzito zaidi: kinachoua Lubumbashi ni malori ya shaba, mwendo wa kasi, pombe, na mashofa walionunua permi bila kujua kuendesha. Hapana ubishi. Mbele ya lori la tani 30 hakuna kapo itakayomwokoa mtu. Hata Hiace, ambayo pua yake ni bapa, inampiga mtu kifua na kichwa kwa pamoja. Na mtu aliyegongwa kwa kilomita 80 hana msaada wa povu. Lakini tangu lini ugonjwa mmoja umekuwa sababu ya kutotibu mwingine? Kupunguza kasi ya malori kunahitaji matuta, taa, barabara za kuzunguka mji, fedha nyingi. Kutoa parebufu kunahitaji ufunguo wa bulonu. Anayesema tungoje mpaka malori yapangwe, huyo hataki malori yapangwe wala parebufu itolewe.

Na wanaoumia si wachache. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 1.19 waliokufa barabarani duniani mwaka 2021. Ripoti yake ya 2015 ilisema kwamba Afrika, kati ya watu 100 wanaokufa barabarani, 39 walikuwa wanatembea kwa miguu, sehemu kubwa kuliko bara lingine lolote. Mji ambao watu wengi wanaenda kazi, soko na masomo kwa miguu hauwezi kujidai kwamba hesabu hiyo ni ya wengine.

Watasema pia kwamba hizo ni sheria za wazungu. Ulaya ndiyo ilianza, kweli: mwaka 2005 iliamuru kwamba chuma chochote cha mbele kipimwe kama kapo inavyopimwa, na mabomba magumu yakapoteza soko. Lakini Desemba 2017 Uhindi, nchi yenye vumbi, ng'ombe barabarani na garaji za kando ya njia kama hapa, iliandikia majimbo yake kwamba vyuma hivyo ni kinyume cha sheria na viondolewe. Na Kongo yenyewe haikuanza jana. Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya usafiri wa barabarani, ambao Zaire ya wakati ule iliuingia, unasema kwenye nyongeza yake ya tano kwamba motokari isiwe na mapambo au vitu vinavyotokeza nje bila lazima na vinavyoweza kuhatarisha watumiaji wengine wa barabara. Kode ya barabara ya 30 Agosti 1978 ndiyo bado inashikwa na polisi kila siku wanaposimamisha taksi kwa taa iliyokufa. Taa iliyokufa inasimamishwa, mabomba ya kuua yanapigiwa saluti.

Kwa sababu hiyo amri isianze na taksi. Ikianza na taksi, itakuwa njia nyingine ya kumkamua maskini, na kila mtu barabarani atajua bei yake. Ianze na motokari za serikali ya jimbo, za komini, za polisi, za mashirika na makampuni, zile ambazo plaki zake zinajulikana na mwenyewe anajulikana. Gavana anaweza kutia sahihi, na jeep za msafara wake zikawa za kwanza kupelekwa kwa fundi. Baada ya hapo zifuate jeep za watu binafsi, kwa muda wa miezi sita, na kwenye kontrole tekniki swali moja liongezwe kwenye karatasi: mbele kuna nini? Tume ya taifa ya kuzuia ajali za barabarani, CNPR, ambayo inafundisha watoto kuvuka, ipite pia kwenye garaji za Kenya na Kamalondo na kapo moja iliyokatwa katikati, mafundi waone kwa macho nafasi ile tupu na waelewe kwa nini iliachwa.

Chuma kitakachotolewa hakitapotea. Wasudere wa mji huu wanatengeneza milango, madirisha, vitanda na majiko kutoka kwenye mabomba ya namna hiyo hiyo, na wateja wapo.