Tulimcheka Mzee Majuto bure

Wadau, leo naandika na hasira kidogo, mnivumilie.

Juzi nilikuwa kwenye basi la kutoka Dar kurudi Tunduma. Tulipoiacha Chalinze kondakta akawasha skrini, na nani akatokea? Mzee Majuto. Macho yamemtoka, anagomba kwa ile sauti yake. Basi zima hoi. Mama mmoja jirani yangu alicheka mpaka akaomba maji. Filamu ilikuwa kwenye flashi pamoja na nyingine kibao. Hakuna aliyeuliza imetoka wapi, na mimi mwandishi wa habari nikiwemo.

Amri Athumani, King Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza akiwa na miaka tisa. Mpaka anafariki Muhimbili, tarehe 8 Agosti 2018, hesabu mwenyewe: kama miaka 60 kazini. Jukwaani, kwenye kanda za video, kwenye DVD, kwenye matangazo ya biashara. Karani anafanya nusu ya hiyo anastaafu na mafao yake. Majuto alipougua ilibidi asaidiwe kwenda kutibiwa India.

Mwaka huo huo Harrison Mwakyembe, jirani yetu wa Kyela ambaye wakati ule alikuwa waziri mwenye dhamana ya sanaa, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Jamani! Mzee anayejulikana kuliko wabunge wengi, mpaka alale hospitali ndipo mikataba isomwe?

Najua mtasema tatizo ni wanaodurufu CD. Ni wezi, sibishi. Lakini hata ukinunua nakala halali, mwigizaji haongezewi kitu. Desturi ya Bongo Movie ilikuwa hivi: mwigizaji anapewa chake mara moja, mzalishaji naye anamuuzia msambazaji filamu na haki zake zote, basi, kwisha habari. Na hii ni wakati Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na inamtambua mwigizaji.

Kwa wachekeshaji ndiyo mbaya zaidi. Maneno mengi kwenye komedi zetu huzaliwa pale pale mbele ya kamera. Kwa hiyo mchekeshaji ni mwigizaji na ni mtunzi pia, ila kazi ya pili hailipwi kabisa, na bado wasomi sisi tunaiita "vichekesho tu".

Hapa kwetu mpakani lori likivuka kwenda Nakonde leo linalipa. Likivuka tena mwezi ujao linalipa tena, na hakuna dereva anayesema alishalipa mwaka jana. Kicheko cha Majuto kimepita barabara hii ya Zambia mara ngapi? Kimelipiwa mara moja.

Tulipofika Mbeya wakapanda abiria wapya. Kondakta akairudisha filamu mwanzo, kwa ajili yao. Nilijitahidi kununa, lakini kabla hatujafika Mpemba na mimi nilikuwa nacheka.