Kishikwambi kikionyesha sifuri, usimwite mtoto mvivu

Umemvalisha mtoto bangili ya mazoezi, ile inayohesabu hatua na saa za kulala. Amecheza mpira mpaka magharibi. Usiku unafungua kishikwambi kuangalia, unakuta hatua sifuri. Kabla hujamgombeza, jiulize: je, vifaa hivi viwili vinaelewana?

Bangili kama Fitbit Ace 3 au Garmin vivofit jr. hutuma taarifa kwa Bluetooth kwenda kwenye programu iliyowekwa kwenye simu au kishikwambi. Matatizo mengi huanzia hapo.

La kwanza ni umri wa kishikwambi. Kampuni hutoa matoleo mapya ya programu na kuacha kuhudumia mifumo ya zamani. Kishikwambi ambacho mtoto amerithi kwa kaka yake kinaweza kuonyesha katuni vizuri, lakini kikaikataa programu ya bangili.

La pili ni duka la programu. Vishikwambi vya Amazon Fire haviji na Google Play, hivyo programu unayoitafuta huenda usiipate kabisa.

La tatu ni ruhusa. Kwenye Android 6 hadi 11, programu huhitaji ruhusa ya kujua mahali ulipo ndipo iweze kutafuta kifaa cha Bluetooth. Mzazi anayeizima ili kumlinda mtoto anaweza kushangaa bangili haionekani.

La nne ni kugombania bangili. Ikiwa imeunganishwa na simu ya mama na kishikwambi cha mtoto pia, mara nyingi kifaa kimoja huishika na kingine hukosa taarifa.

Kumbuka pia kwamba kumbukumbu ya bangili ni ndogo. Isipohamisha taarifa kwa siku nyingi, za zamani hufutika. Pengo hilo utaliona kwenye kioo kama siku ambazo mtoto hakujishughulisha, kumbe alikimbia kila siku.

Kwa nini jambo hili liwe la afya? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kiasi hadi ya nguvu. Mzazi anayetegemea namba yenye kasoro anaweza kumpunguzia mtoto chakula bila sababu, au kumlazimisha kukimbia wakati amechoka. Mwongozo huo hauhesabu hatua, unahesabu dakika. Dakika hizo unaweza kuziona kwa macho: mtoto anahema haraka, mwili umepata joto, jasho linatoka. Kuendesha baiskeli kunahesabika, hata kama bangili ya mkononi haikuona hatua nyingi.

Kwa mtoto mwenye kisukari, hali ni nzito zaidi. Vipo vipimo vya sukari vinavyobandikwa mwilini na kutuma tahadhari kwenye simu. Februari 2025, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya kwamba wagonjwa walikosa tahadhari hizo kwa sababu ya mipangilio ya simu, kuunganisha kifaa kipya cha sauti, au kusasisha mfumo wa simu kabla programu ya kipimo haijawa tayari. Bangili ikinyamaza, unakosa namba. Kipimo cha sukari kikinyamaza, sukari inaweza kushuka usiku bila mtu kujua.

Ufanye nini? Kabla hujalipa, fungua mipangilio ya kishikwambi, sehemu ya "Kuhusu kifaa," uone toleo la mfumo, kisha ulinganishe na lililoandikwa kwenye boksi la bangili. Omba muuzaji akuunganishie palepale dukani. Nyumbani, chagua kifaa kimoja cha kupokea taarifa na ukiunganishe kila siku. Kama mtoto anatumia kipimo cha sukari, usisasishe mfumo wa simu kabla ya kuthibitisha kuwa programu yake inaukubali, na ukishasasisha hakikisha tahadhari inalia. Weka pia akiba ya kipimo cha kutoboa kidole.

Siku daktari akikuuliza mtoto anacheza kiasi gani, anza na ulichokiona mwenyewe. Namba za bangili zifuate baadaye.