Tofali la zamani ni manunuzi, lihesabiwe

Vijana wenzetu wa Likasi, leo tuongee mambo ya matofali.

Mu Kikula, mu Panda, mu Shituru, nyumba ya zamani ikibomolewa ni kidogo sana kinachotupwa. Kijana anasugua sima kavu kwenye tofali, anapanga, anauza. Malata yananyooshwa. Mlango wa mbao ngumu wa wakati wa Jadotville unapata nyumba nyingine. Sisi wenye diplome tunapita pembeni na bahasha ya kuomba kazi, na ule wa matofali njo anakula siku hiyo.

Kule Marekani kuna hati inaitwa LEED, wanapewa majengo yasiyoharibu mazingira. Kanuni zake za 2009 kwa majengo yaliyokwisha kujengwa zilisema hivi: ukirekebisha jengo, kitu ulichonunua kinahesabiwa kuwa manunuzi mazuri kama angalau 70% yake ni mali iliyookolewa mahali pengine. Yaani kazi ya kijana wa Kikula, kule inaleta pointi. Hapa kwetu inaitwa shida.

Hatuombi Likasi itafute hati ya wazungu. Tunataka kanuni tu, kwa sababu feza ya kujenga ipo. Sheria ya madini ya 2018 inatoa 15% ya redevance kwa mji, komini, sekta ao shefferi yenye mgodi. Tena kila sosiete inayochimba inapaswa kutenga angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na kuna cahier des charges inayoonyesha sosiete itawajengea nini. Shule na vituo vya afya vinatoka humo. Kwa nini tofali la zamani lisiandikwe humo kama manunuzi halali, kwa bei inayojulikana na kwa facture?

Wakubwa watasema: mtafungulia wezi mlango. Ni kweli, reli na kebo zinaibwa, mitraille inauzwa usiku. Njo maana tunadai karatasi inayosema mali imetoka nyumba gani na nani ameibomoa. (Na karatasi hiyo iwe ya bure. Tunajua hapa kila muhuri una bei yake.)

Jambo lingine halina mchezo. Shinkolobwe, kulikochimbwa uraniamu ya bomu la Hiroshima, si mbali na sisi. Jiwe, changarawe ao chuma vilivyotoka kwenye migodi visiingie darasani kabla ya kupimwa mionzi, hata vikiwa vya bure. Mtoto anakaa mule miaka sita. Gharama ya kupima ilipwe na mwenye kujenga, isiangukie muuzaji.

Mkutano wa cahier des charges ukiitishwa mu kartie yenu, muende, na muombe iandikwe hivi: sehemu ya matofali, mbao na malata inunuliwe kwa vijana wanaobomoa hapa hapa, na bei ibandikwe ukutani kwenye komini.