Magofu Hayazai

Uamuzi wa Wizara ya Maliasili na Utalii wa kuyakabidhi magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), kama ulivyokabidhiwa mji mkongwe wa Kaole, Bagamoyo, kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), umekuwa ukisifiwa kwa kigezo kimoja tu, nacho ni idadi ya watalii. Kigezo hicho hupimwa langoni na huishia langoni, kwa kuwa hakisemi lolote kuhusu hali ya kuta ambazo mtalii amevuka maji kutoka Kilwa Masoko kwenda kuzitazama. Kwa sababu hiyo, uamuzi wenyewe ni wa makosa.

Watetezi wake hukumbusha kwamba Idara ya Mambo ya Kale imeishi kwa bajeti finyu, ilhali taasisi za wanyamapori na misitu zina magari, askari na uzoefu wa kutangaza vivutio. Hayo ni kweli, na mapato ya meli za kitalii si ya kubezwa. Lakini idara iliyokosa fedha huongezewa fedha, hainyang'anywi kazi akapewa mwenye fani nyingine.

Kiini cha jambo ni kwamba uhifadhi wa maliasili na uhifadhi wa malikale, yaani majengo na vitu vilivyoachwa na watu wa zamani, ni taaluma mbili zenye mantiki zinazopingana. Mhifadhi wa wanyama au wa msitu kazi yake kubwa ni kuzuia: akimwondoa jangili na mkata mkaa, tembo atazaa na mti utachipua wenyewe. Gofu halizai. Ukuta wa Husuni Kubwa, kasri lililojengwa karibu na zama ambazo Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, ukiachwa peke yake haupati nafuu, bali hupungua kila masika, na jiwe lililoporomoka kutoka ukingo wa bahari halirudi.

Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, ambayo kwa nyumba ya kawaida ni onyo la kutosha, hapa inapungukiwa, kwa maana ukuta mpya utakaojengwa hautakuwa wa karne ya 14, na hivyo ufa ndiyo nafasi pekee iliyopo. Tena ufa huo hauzibwi kwa saruji, ambayo ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na hufungia ndani unyevu na chumvi hadi jiwe lenyewe likamomonyoka. Huzibwa kwa chokaa, inayopatikana kwa kuchoma matumbawe, kuyamwagia maji na kuyaacha yalainike, na anayeijua kazi hiyo ni fundi mwashi, si askari wa wanyamapori.

Mche mmoja ulioota juu ya kuba la Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani unatosha kuonyesha tofauti hiyo. Kwa jicho la bwana misitu, mche huo ni uoto. Kwa jicho la mwashi, mzizi wake ni mtaimbo unaopenyezwa polepole kati ya mawe, na usipong'olewa ukiwa mwembamba, baadaye hautoki bila kuondoka na kuba. Ni masihara kuwaambia Watanzania kwamba macho hayo mawili ni mamoja kwa sababu tu yote yanalipwa na wizara moja!

Historia ya Kilwa yenyewe imekwisha kutoa ushahidi. Eneo hilo, lililoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, liliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na lilipoondolewa humo mwaka 2014, lilisaidiwa na kuta zilizokarabatiwa na mmomonyoko wa ufuo uliodhibitiwa, ikiwamo kwa mikoko. Mikoko ni kazi ya misitu, na hapo TFS ingekuwa msaidizi wa maana. Lakini msaidizi si mwenye kazi.

Kama TAWA itabaki na ufunguo wa Kilwa, basi taarifa yake ya kila mwaka ianze na nyufa ngapi zimepimwa, ngapi zimezibwa kwa chokaa, na waashi wangapi wameajiriwa, ndipo ifuate hesabu ya watalii. Taarifa isiyo na mwashi hata mmoja itakuwa imehesabu wageni wa maziko.