Punguza chokaa, usikate primiksi

Wanaokuja kusaga na kuchanganya chakula cha kuku kwangu hapa Katandala huja na viroba vinavyofanana: mahindi ya kuparaza, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa wa Kirando au Kasanga, na soya kwa mwenye uwezo. Tunapima, tunapiga hesabu ya kilo mia, na tukifika kwenye primiksi, yaani unga wa madini na vitamini, ndipo maneno yanapoanza. "Dada, hiyo iache. Niongezee chokaa." Namwelewa anayesema hivyo. Vifaranga wake wamesafiri usiku kucha kwenye basi, mkaa wa kuwapasha joto katika baridi yetu ya Juni umemla hela, na katika vyote anavyolipia, robo kilo ya unga usio na harufu ya chakula ndiyo inayoonekana rahisi kukata. Hata hivyo nakataa, na naomba wafugaji wenzangu wa Sumbawanga mnisikilize.

Kuku wa kienyeji akikosa kitu anakitafuta. Anachakura shambani, anadonoa mchwa, majani, udongo. Broila tumemfungia juu ya maranda. Kilichomo kwenye kilishio ndicho alicho nacho, na mwili wake unakua kwa kasi ya kutisha: kifaranga wa gramu 40 hivi anafika kilo mbili ndani ya wiki tano au sita. Mifupa, kano na manyoya ya mwili huo vinahitaji manganizi, zinki, shaba, chuma, iodini na seleniamu. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika vipimo vyake vya 1994 ambavyo bado vinatajwa, liliweka miligramu 60 za manganizi na 40 za zinki kwa kila kilo ya chakula cha kuku wa nyama. Kwa mchanganyiko wa kilo mia, hizo ni gramu sita na gramu nne. Seleniamu ni miligramu 15 tu. Hakuna mzani wa dukani unaoweza kupima hiyo, na ikizidi sana ni sumu. Ndiyo maana tunanunua primiksi iliyopimwa kiwandani.

Sasa mahindi yetu. Rukwa tunajivunia mahindi, na tuna haki, kwa sababu yanalisha mikoa mingine. Lakini kati ya nafaka zote, mahindi ni miongoni mwa zenye manganizi kidogo kabisa. Mnamo 1936 watafiti Wilgus, Norris na Heuser wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba upungufu wa manganizi ndio uliokuwa ukiwalemaza vifaranga: goti linavimba, kano ya nyuma inachomoka kwenye njia yake, mguu unapinda kuelekea nje. Anayefuga broila mjini hapa ameshawaona kuku hao. Wanakaa kitako, wenzao wanawakanyaga, na mwisho wake ni kuchinjwa kabla hawajafikia uzito.

Katika kazi hiyohiyo ya miaka ya 1930 lilionekana jambo linalotuhusu zaidi: kuzidisha madini ya mifupa, yaani kalisi na fosforasi, kulifanya ulemavu huo uongezeke. Chokaa ni kalisi, na kalisi nyingi tumboni huzuia manganizi na zinki zisifyonzwe. Na pumba na mashudu zina asidi ya fitiki, ambayo hushikana na zinki. Kalisi ikizidi, mshikano huo unakuwa mgumu zaidi. Kwa hiyo mfugaji anayeona miguu imepinda akakimbilia chokaa anaweza kuwa anauongeza ugonjwa aliotaka kuutibu. Broila anayeanza anahitaji kalisi kama asilimia moja ya chakula. Kuku wa mayai anahitaji zaidi ya asilimia tatu, kwa ajili ya maganda. Wengi wanaolisha broila hapa wameazima kipimo kwa jirani anayefuga wa mayai, halafu dagaa na mifupa iliyosagwa vinaongeza kalisi nyingine juu yake.

Sisemi kila mguu mbovu ni manganizi. Mfupa ukiwa laini na mdomo ukipinda kama mpira, hapo kweli tafuta kalisi, fosforasi au vitamini D. Kuku akipooza, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, mwite afisa mifugo. Lakini mfupa mgumu wenye goti lililovimba na kano iliyochomoka hauponywi kwa chokaa, na aliyekwisha lemaa hivyo harudi sawa. Wa kuokolewa ni wale walio bado wazima.

Watu wa nyanda za juu kusini tusione ajabu kwamba kitu kidogo hivyo kina nguvu. Shangazi yangu alizeeka na rovu shingoni. Katika miaka ya 1980 na 1990 zikagawiwa kapsuli za mafuta ya iodini, kisha chumvi ikaanza kuwekwa iodini, na leo wanangu hawajui rovu ni nini. Iodini ile hakuna aliyeiona kwenye mboga.

Tatizo langu jingine ni maduka. Primiksi ninayoikuta mara nyingi imetoka kwenye mfuko mkubwa uliofunguliwa, inachotwa kwa bakuli, inafungwa kwenye nailoni isiyo na jina, tarehe wala kipimo. Unyevu ukiingia, chumvi za shaba na chuma huharibu vitamini zilizomo humohumo. Mteja hajui kama ni ya broila au ya mayai. Nchi ina Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo tangu 2010. Naiomba Manispaa ya Sumbawanga iwatume maafisa mifugo wake madukani kama inavyotuma watu wa afya buchani, na naomba wenye viwanda watuletee pakiti iliyofungwa ya kutosha kilo mia, kwa sababu huo ndio uchanganyaji wa mfugaji wa Katandala, Kizwite na Izia. Atakayelipia pakiti hiyo ataisoma, na atakayeisoma hataomba iachwe.

Kwa mwenye primiksi mkononi leo: usiimwage juu ya rundo. Ichanganye kwanza na kilo mbili za pumba laini mpaka rangi iwe moja, ongeza pumba zifike kilo kumi, geuza tena, ndipo uitandaze kwenye chakula chote na kugeuza kwa koleo kutoka pande zote. Chokaa ije baadaye, imepimwa kwa mzani.